Mtu Aliyetua Salama Kwao

Ipo nchi moja, na asiyeijua amshukuru Mola wake, iitwayo Jamhuri ya Utulivu. Watu wake ni wapole kiasi kwamba mtu akikanyagwa, huomba radhi yeye kwa kuuweka mguu wake mahali pa kukanyagwa. Zama za habari hii, siasa ya nchi hiyo mbele ya mataifa iliitwa Kukaa Katikati. Upande mmoja lilikuwapo Dola Kuu la Theluji, lililowapa Watulivu mbolea, matrekta, na makoti ya manyoya kwa ajili ya jeshi, ambayo askari waliyavaa kila sikukuu ya gwaride wakaanguka kwa joto mstari baada ya mstari. Upande wa pili lilikuwapo Dola Kuu la Mahindi, lililowapa unga wa njano na sinema za wachunga ng'ombe. Madola hayo yalichukiana kama paka na panya, na Utulivu ilikaa katikati yao, mkono mmoja kwenye sahani hii na mkono wa pili kwenye sahani ile.

Kukaa hivyo si kazi ya mchezo, na sehemu kubwa ya mzigo ilimwangukia Bwana Ngwali Mzuzuri, Naibu Mkuu wa Itifaki katika Wizara ya Mambo ya Nje na Salamu. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye suti ya kijivu na sauti ya kunong'ona, kwa sababu kazi yake ilikuwa kunong'ona masikioni mwa wakubwa: huyu akae wapi, yule asimame lini, zulia lianzie mlango gani. Adabu za kimataifa alizisomea huko Theluji, akarudi na lugha yao pamoja na mafua yasiyokwisha. Katika umri wake wote hakuwahi kuamua jambo lolote. Hata mke alichaguliwa na shangazi yake, na bahati nzuri shangazi alikuwa na jicho zuri.

Basi asubuhi moja redio ya Theluji ikatangaza kwa matarumbeta kwamba raia wake, Luteni Vadek Orsun, amepanda angani ndani ya chombo, ameizunguka dunia yote, na ametua salama salimini katika ardhi ya kwao, ambako amekwisha kunywa chai na mama yake.

Utulivu waliipokea habari hiyo kila mtu kwa namna yake. Sokoni wanawake walitaka kujua huko juu alijisaidia wapi, na kama wakati huo alikuwa amefika usawa wa Utulivu. Mzee mmoja alikwenda polisi kushtaki kuwa paa lake limeanza kuvuja tangu mtu huyo apite. Waziri wa Ardhi alitoa taarifa kwamba anga lililo juu ya nchi ni mali ya umma, na anayetaka kupita apite kwanza ofisini. Bungeni mheshimiwa mmoja aliuliza kama serikali ina mpango wa kupeleka mtu angani. Akajibiwa kwamba mpango upo, umekuwapo siku zote, na wananchi wanaombwa wawe na subira kama walivyo na subira juu ya maji ya bomba.

Wizarani hali ilikuwa nzito. Waziri Mwinyipembe, mtu mnene aliyetoka jasho hata akifikiri, alimwita Ngwali akafunga mlango.

"Ngwali, tukiwapongeza Theluji, unga hauji. Tusipowapongeza, mbolea haiji. Niandikie pongezi isiyopongeza."

Ngwali akainama mezani, akaandika: "Serikali ya Utulivu imepokea kwa furaha ya kadiri habari kwamba mtu amepanda na kwamba, kama ilivyo desturi ya vitu vinavyopanda, ameshuka."

Waziri aliisoma, akaisoma tena, machozi yakamlengalenga. "Bwana wee," alisema, "hiki ni kipaji."

Lakini wakubwa wana wakubwa wao. Baba Mkubwa wa Taifa, Mlezi wa Milele, alikuwa ameambiwa kwamba meli ya mbolea ya Theluji iko karibu kutia nanga, na asubuhi hiyo aliamka na mapenzi makubwa kwa sayari. Akatangaza Sikukuu ya Anga: kesho yake pangekuwa na gwaride, halaiki ya watoto wa shule na hotuba yake mwenyewe kuhusu ushujaa wa Luteni Orsun. Na ili nchi isitoke katikati, wananchi wote wangepikiwa uji wa unga wa njano.

Wakati mji mkuu unapigiliwa misumari ya mapambo, simu ikalia mezani kwa Waziri. Alikuwa Mkuu wa Wilaya ya Kiwambo, huko milimani wanakolima maharage.

"Mheshimiwa, huku kwetu kumeanguka kitu."

"Kitu gani?"

"Dude la chuma, Mheshimiwa, limeungua jeusi kama chungu cha matanga. Lina mwavuli mkubwa wa rangi ya chungwa, lakini mwavuli wenyewe umechanika. Wananchi walidhani ni mradi wa serikali, wakakimbia. Waliporudi wamekuta mna mtu ndani."

"Mtu wa wapi?"

"Sijui, Mheshimiwa. Kifuani ameandikwa herufi kama zile za kwenye matrekta yetu."

Waziri alimwangalia Ngwali. Ngwali, aliyesikia kila neno kwa sababu Mkuu wa Wilaya alikuwa mtu wa kupiga kelele, aliangalia zulia.

"Yu hai?" aliuliza Waziri kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

"Anapumua, Mheshimiwa. Ila hapumui vizuri."

Waziri akaweka simu chini. "Ngwali, mtu aliyetua salama kwao anaweza kuwa ametua vibaya kwetu?"

"Kwa mujibu wa taarifa rasmi, Mheshimiwa, haiwezekani."

"Basi nenda kamwone huyo asiyewezekana. Usimpokee, maana ukimpokea atakuwa mgeni wa taifa. Usimkatae, maana ukimkataa tutaulizwa. Kaa naye tu. Katikati."

Ndivyo Bwana Ngwali alivyopakiwa kwenye gari la wizara, akapandishwa milimani akipiga chafya njia nzima, na jua lilipoanza kupoa akashushwa mbele ya zahanati ya Kiwambo.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha lililozibwa kwa gunia. Aliyeishika alikuwa nesi mmoja mtu mzima, jina lake Siwatu, mwanamke wa mikono mikubwa aliyezalisha nusu ya wilaya na kuosha maiti wa nusu ya pili. Vazi la mwanaanga liliushinda mkasi, na alikuwa amelipasua kwa kisu cha kuchunia mbuzi alichoazima kwa jirani. Alipoiona suti ya kijivu mlangoni, uso ukamng'aa.

"Afadhali umekuja, Daktari."

"Mimi si daktari. Natoka Itifaki."

"Itifaki ndiyo dawa gani?"

Ngwali alipiga chafya. Akasogea kitandani. Mtu aliyelala pale alikuwa kijana kuliko alivyomdhania, nywele zimeungua upande mmoja, midomo imepauka kama majivu.

"Mbavu zimevunjika," alisema Siwatu, "lakini siogopi mbavu. Njoo uguse tumbo. Gumu kama ngoma, na tangu asubuhi linazidi. Anavuja damu ndani kwa ndani. Huyu anataka kupasuliwa, na mimi hapa nina dawa ya minyoo na dawa ya macho. Mpeleke mjini leo, Bwana mkubwa. Leo hii."

Mgonjwa akafumbua macho. Ngwali, aliyepokea wafalme kwa lugha nne, alianza kusema kwa Kitheluji, "Kwa niaba ya Serikali na wananchi wa…" kisha akakumbuka kwamba amekatazwa kumpokea. Akatafuta neno lingine, akakosa, akaishia kusema kama mtu wa kwao yeyote:

"Habari za safari?"

Luteni Orsun alimtazama. "Mbaya," alisema. Halafu, kwa shida, "Kwetu wameambiwa niko hapa?"

Kabla Ngwali hajapata uongo wa kumpa, redio ya mlinzi wa zahanati, iliyokuwa kwenye ukingo wa dirisha, ikamjibu badala yake. Mtangazaji wa Theluji alikuwa akimhoji shujaa wa anga, na mtangazaji wa Utulivu akifasiri nyuma yake. Sauti changamfu ikasema kwamba yeye, Luteni Orsun, anajisikia vizuri sana, kwamba dunia ukiiona kutoka juu ni ya buluu, na kwamba mama yake amemkaripia kwa kutovaa kofia.

Orsun alisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo ni nani?" Ngwali alimwuliza.

"Ni mimi," alisema Orsun. Akaanza kucheka, kicheko kikamkata, akaushika mkono wa Ngwali kwa nguvu zote zilizombakia. "Mimi sitaki kufa katika nchi nisiyoijua jina. Hapa panaitwaje?"

"Utulivu."

Mgonjwa akafumba macho, lakini mkono hakuuachia. Ngwali alikuwa amepeana mikono na watu wasiohesabika kazini kwake, mikono ya glavu na mikono ya pete, na yote aliishika kwa kipimo na kuiachia kwa kipimo. Huu wa sasa ulikuwa wa moto, na hakuna kitabu cha adabu kilichomwambia auachie lini. Siwatu ndiye aliyemnasua vidole taratibu, akamwonyesha mlango. "Nenda kapige simu."

Simu ilikuwa ofisini kwa Mkuu wa Wilaya. Ngwali akaomba gari la wagonjwa la mji mkuu, ambalo ndilo lililokuwa gari la wagonjwa la nchi.

"Limepambwa," alisema Waziri. "Limefungwa roketi ya maboksi juu. Ndilo linaloongoza gwaride."

"Mheshimiwa, ni mwenyewe. Nimezungumza naye."

"Hukuzungumza naye, Ngwali. Balozi wa Theluji alikuwa hapa sasa hivi. Anasema Luteni Orsun yuko nyumbani kwao, na kama Utulivu ina mtu mwingine anayefanana naye, hayo ni mambo ya kuulizwa mama zao. Huyu hajafunga mlango, Balozi wa Mahindi naye huyu hapa, anahema. Sijui nani amemwambia. Ana ndege tayari, ana daktari tayari, ana kamera tayari. Yuko radhi kumchukua na kumpasua mpaka apone. Ila mgonjwa aseme kwanza mbele ya kamera kwamba alikuwa anawatoroka watu wake."

"Basi tumpe, Mheshimiwa!"

"Na mbolea? Haya, kamwulize. Kumwuliza si kumpa."

Ngwali akakimbia kurudi zahanati, suti ikamjaa vumbi la maharage. Akapiga magoti kando ya kitanda, akaeleza. Orsun alisikiliza huku akihesabu pumzi zake.

"Mimi nilianguka," alisema. "Sikutoroka. Nina mke, na nina binti anayeanza shule. Nikisema nimetoroka, wao watafanywa nini?"

"Sema tu. Ukipona utakanusha."

"Wewe ni mtu wa serikali," alisema Orsun. "Unajua jibu."

Na Ngwali alikuwa mtu wa serikali, alilijua.

Aliporudi kwenye simu alikuta Baraza la Mawaziri limekwisha kukutana, na Waziri Mwinyipembe akamsomea uamuzi kwa sauti ya sherehe. Tume imeundwa kuchunguza kama kuna kitu kimeanguka Kiwambo. Kwa kuokoa muda, tume imeanza na majibu. Hakuna kitu kilichoanguka, na kitu hicho kifunikwe kwa majani mpaka meli imalize kushusha mbolea. Mtu asiyekuwamo ndani yake abaki alipo.

"Atakufa, Mheshimiwa."

"Mtu anayekunywa chai na mama yake hawezi kufa Kiwambo. Soma taarifa rasmi, Bwana. Imetoka ofisini kwako."

Ngwali alitembea kurudi polepole, kama mtu anayetaka njia iwe ndefu. Siwatu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Aliusoma uso wa Ngwali.

"Wamekataa," alisema.

"Hawajakataa. Wamesema…" Akashindwa. "Mama Siwatu, mimi ni mtu mdogo. Nimepewa maagizo nikae naye tu."

"Haya kaa. Mimi nimekaa na wanaokufa tangu ukiwa unanyonya. Kukaa kwenyewe si kugumu, wala hakuhitaji suti." Akamtupia kitambaa kilicholowa. "Mpanguse jasho. Maana naona ndiyo dawa iliyotoka mjini."

Ngwali alimpangusa yule kijana jasho la usoni, na jasho likaja tena, akapangusa tena. Sijui ni nini hasa kilichompata. Wapo waliosema baadaye kuwa alirogwa na hewa ya milimani. Alikaa hapo mpaka jogoo wa Kiwambo wakaanza kuwika, kisha akainuka, akapenga kamasi, na akasema kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuisikia:

"Nani hapa ana gari?"

Mwenye gari alikuwa Lusendo, mchuuzi wa vitunguu, na gari lenyewe lilikuwa lori lililosimamishwa kwa kamba na dua. Wakamlaza Orsun juu ya magunia, wakamfunika shuka ya zahanati, Siwatu akapanda akampakata kichwa. Ngwali akapanda upande wa miguu. Dereva wa gari la wizara alikataa kuwafuata. Alisema yeye ana watoto.

Njia ya kushuka milimani ilikuwa na mashimo ambayo serikali iliyafungua kwa utepe kila mwaka wa uchaguzi. Kila shimo lilimtoa Orsun mlio mmoja, na baada ya kila mlio Siwatu aligonga paa la lori kwa ngumi akipiga kelele, "Taratibu, Lusendo!" na mara hiyo hiyo, "Haraka, Lusendo!" Naye Lusendo, masikini, alijitahidi kutii yote mawili. Mgonjwa aliweweseka juu ya mambo ya kwao, akasema maneno ya nusu nusu. Kuna wakati aliuliza kama wameanza kushuka. Ngwali akamwambia ndiyo, wanashuka.

Jua lilikuwa utosini walipofika mjini. Barabara ya hospitali ilikuwa imefungwa kwa mapipa, na mbele ya mapipa alisimama askari ndani ya koti la manyoya, jasho likimchuruzika mpaka viatuni.

"Hakuna kupita. Njia yote ni ya sherehe ya mtu wa angani."

"Ndugu yangu," alisema Ngwali, "mtu wa angani mwenyewe ni huyu hapa."

Askari akapanda gurudumu, akachungulia. Kisha akatazama picha kubwa iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya taa. Mchoraji wa serikali, kwa kuogopa kukosea, alikuwa amempa Luteni Orsun mashavu na kidevu cha Baba Mkubwa wa Taifa.

"Hafanani," alisema askari.

Watu wakaanza kuzunguka lori, vibakuli vya uji mikononi. Mwanamke mmoja aliuliza mle ndani mna nini. Mwingine akamjibu kwamba kuna mlevi anajiita Orsun. Kijana mwenye bendera akaona hiyo ni dharau kwa shujaa, akarusha uji. Ukamrukia Siwatu begani.

"Jamani!" alipiga kelele Siwatu. "Jamani, huyu ni mtoto wa mtu! Hata kama si yeye! Nasema hata kama si yeye!"

Wakarudi nyuma hatua chache, maana sauti kama ile wengi wao waliisikia siku walipozaliwa wenyewe au watoto wao. Lakini njia hawakuitoa, kwa sababu nyuma yao kulikuwa na wengine, na nyuma ya hao wengine kulikuwa na jukwaa.

Ngwali akaruka chini akakimbia. Walinzi walimwona anakuja na suti iliyojaa vumbi na maganda ya vitunguu, lakini uso waliujua, na desturi waliijua pia: mtu wa Itifaki huruhusiwa kumfikia yeyote. Akapanda jukwaani kwa nyuma. Baba Mkubwa alikuwa kwenye kipaza sauti, hotuba ndiyo kwanza imepata moto. Ngwali akainama sikioni kwa Balozi wa Theluji.

"Yuko barabara ya hospitali, ndani ya lori. Ni yeye. Anakufa."

Balozi hakugeuka. Lakini shingo yake, kutoka kwenye kola mpaka masikio, iligeuka nyeupe. "Bado yu hai?" aliuliza, midomo haichezi.

"Bado."

Mkono wa Balozi ulikuwa juu ya goti, na vidole vikajikunja, vikakunjuka. "Basi mna mgonjwa," alisema mwisho. "Nawapa pole." Na kwa kuwa Baba Mkubwa alikuwa ametaja jina la Orsun, akapiga makofi.

Ngwali akapita mstari wa nyuma. Alikuwapo pale Daktari Pazi, mpasuaji pekee wa Utulivu, aliyewekwa karibu na Baba Mkubwa kwa ajili ya dharura.

"Daktari, twende. Dakika chache tu. Chumba chako kipo ng'ambo ya barabara."

"Nimekusikia ulivyomnong'oneza yule." Daktari Pazi alikuwa mtu mwema, mikono yake ilikuwa imekwisha kuanza kukunja mikono ya shati. "Lakini Ngwali, Baba Mkubwa amesimama anahutubia. Nikiinuka sasa hivi, mbele ya mabalozi wote… Unajua itifaki ilivyoandikwa. Hakuna kuinuka yeye akihutubia."

"Nimeiandika mimi! Naifuta! Inuka!"

Alikuwa amesema kwa sauti. Vichwa vikageuka. Waziri Mwinyipembe akatabasamu kwa wageni, akamkamata Ngwali mkono juu ya kiwiko kwa namna inayofanana na urafiki, akambana. Daktari Pazi alitazama viatu vyake. Akakunjua mikono ya shati, moja, kisha ya pili, akafunga vifungo.

Waziri alipolegeza, Ngwali alitoroka. Aliteremka, akapenya katikati ya watoto wa halaiki waliovaa mikia ya nyota ya karatasi, akaanguka, akainuka. Vipaza sauti vilikuwa juu ya kila nguzo, na kila alipokimbilia ile sauti ilikuwa imekwisha kufika kabla yake: shujaa wetu Orsun, rafiki wa watu wote wanyonge, yu buheri wa afya, na mimi mwenyewe nimehakikishiwa!

Alipofika kwenye lori umati ulikuwa unashangilia, umeelekeza uso jukwaani. Siwatu alikuwa bado amempakata yule kijana. Alikuwa ameshamfumba macho na kumfunga kidevu kwa kilemba chake, na nywele zake mwenyewe, zenye mvi, zilikuwa wazi mbele za watu.

"Aliuliza uko wapi," alisema. "Nilidhani ni hivyo alivyouliza. Nikamwambia unakuja."

Lusendo alikuwa amekaa chini kando ya gurudumu, ameziba masikio.

Wakamzika siku hiyo hiyo katika makaburi ya Kitunguli, upande wa wasio na ndugu, kati ya mtu aliyegongwa na treni na kichanga kilichookotwa sokoni. Hapakuwa na wimbo wa taifa lolote. Siwatu aliomba dua ya dini yake, Lusendo akaomba ya dini yake, na Ngwali alisimama tu. Jina halikuandikwa. Mtu wa makaburi alikuwa tayari kuandika lolote atakaloambiwa, ila hakuna aliyemwambia kitu.

Tume ya Kiwambo ilimaliza kazi yake kwa mafanikio. Lile dude lilifukiwa kwa matrekta, na shamba likapandwa maharage tena. Siwatu alipewa uhamisho kwenda mpakani, kwenye zahanati ambayo haijajengwa. Lusendo alinyang'anywa leseni kwa kusafirisha abiria juu ya vitunguu. Daktari Pazi alianza kunywa. Ama Ngwali, yeye alisubiri kukamatwa. Kila hodi ya mlangoni alikwenda kufungua akiwa amevaa viatu. Mwisho wa yote akaitwa kwa Waziri, akaambiwa kwamba kwa kuwa hakusema neno lolote kwa mtu yeyote tangu siku ile, wakubwa wameridhika naye. Akapandishwa cheo, akawa Mkuu wa Itifaki. Mkewe alipika pilau. Ngwali alikula, akainuka, akaenda kutapika nyuma ya nyumba.

Mvua za mwaka zilipokwisha, Theluji ikamtuma shujaa wake kuzitembelea nchi rafiki. Utulivu nayo ikatembelewa. Ngwali ndiye aliyempokea kwenye ngazi za ndege: mwanamume mrefu mwenye medali, anayetabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama aliyeelekezwa. Wakapanda gari la wazi. Watoto walijipanga njia nzima wakiimba "Orsuni! Orsuni!" na mgeni akawapungia mkono kulia na kushoto. Mbele, pembeni ya dereva, alikaa mtu mwenye miwani ya jua asiye na kazi inayojulikana.

Walipokuwa katikati ya makelele, mgeni alisema kwa Kitheluji, bila kugeuka wala kuacha kupunga:

"Mlimzika wapi?"

Ngwali alitazama mbele. Mtu wa miwani alikuwa ametulia kabisa, kama watulivyo wanaosikiliza.

"Tulilala chumba kimoja mwaka mzima," alisema mgeni, akiwatabasamia wasichana waliomtupia maua. "Binti yake ananiita baba, mbele ya wapiga picha. Niambie mahali tu. Nikimwambia mama wa rafiki yangu mahali, atakaa. Sasa hivi hakai, anazunguka nyumba."

"Nani, Mheshimiwa?" alisema Ngwali.

Mgeni aliendelea kupunga, lakini mkono mwingine, uliokuwa chini ya usawa wa mlango mahali watu hawaoni, aliufunga ngumi mpaka vifundo vikawa vyeupe.

Kwa muda wote wa ziara hawakuachwa peke yao hata mara moja. Palikuwa na karamu, na mti uliopandwa, na hotuba. Siku ya kuondoka, kwenye uwanja wa ndege, bendi ya jeshi ilijipanga ndani ya makoti yake, na Ngwali akasimama mwisho wa zulia jekundu kumpa mgeni mkono wa buriani. Mtu wa miwani alikuwa nyuma, mbali kidogo, anajifuta jasho. Ngwali aliona kwamba hiyo ndiyo nafasi, na kwamba nyingine haitakuja. Akaushika mkono wa yule mtu, akamvuta, akamwekea mdomo sikioni.

"Kitunguli," alisema. "Makaburi ya Kitunguli, upande wa wasio na ndugu, kaburi la pili kutoka ukutani!"

Wakati huo huo mkuu wa bendi aliteremsha fimbo, na matarumbeta yakalipuka kwa wimbo wa Theluji.

Mgeni aliinamisha kichwa, akakunja uso kama mtu asiyesikia. Ngwali akarudia, akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, lakini ngoma kubwa ilikuwa inapigwa hatua chache tu kutoka walipo, na mtu wa miwani alikuwa ameanza kusogea. Mgeni akatabasamu kwa upande mmoja, tabasamu la kwenye picha.

"Asante," alisema. "Asanteni sana. Na ninyi karibuni kwetu."

Akapanda ngazi, akageuka akapunga, mlango ukafungwa.

Waziri Mwinyipembe akaja akijipepea kwa programu ya sherehe. "Ulikuwa unamwambia nini mgeni pale, mbona kwa nguvu hivyo?"

"Nilimwambia karibu tena, Mheshimiwa."

"Vizuri sana," alisema Waziri, akaenda kutafuta gari lake.

Ndege ilikimbia, ikapaa, ikawa ndogo. Bendi ikavua makoti. Ngwali alibaki amesimama pale pale, mpaka wafanyakazi wakamwomba asogee kidogo, wapate kulikunja zulia.